Kusikia Anachosema Mgonjwa: Nafasi ya Kiswahili katika Mafunzo ya Uzamili ya Wauguzi wa Afya ya Akili Afrika Mashariki

Ikisiri

Wauguzi wanaosomea shahada ya uzamili ya afya ya akili katika Afrika Mashariki hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, ilhali wagonjwa wengi watakaowahudumia hueleza maradhi yao kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine za Kiafrika. Makala haya yanafafanua jinsi pengo hilo linavyojitokeza katika kazi ya kila siku ya muuguzi. Kwa kutumia mifano ya salamu, maswali kanushi, vitenzi vya hisi, ngeli za nomino na majina ya siku, makala yanaonyesha kwamba tathmini ya hali ya akili inaweza kupotoka hata pale ambapo muuguzi na mgonjwa wote wawili ni wazungumzaji wa Kiswahili. Inapendekezwa kwamba mahojiano ya kitabibu kwa Kiswahili yawe somo linalofundishwa na kutahiniwa, na kwamba maneno ya mgonjwa yaandikwe katika faili kama alivyoyatamka kabla ya kufasiriwa.

Istilahi muhimu: uuguzi wa afya ya akili, shahada ya uzamili, mahojiano ya kitabibu, tafsiri, Kiswahili mipakani

1. Utangulizi

Malaria huthibitishwa kwa tone la damu, na mfupa uliovunjika huonekana katika picha ya eksirei. Sonona haina kipimo cha aina hiyo. Muuguzi wa afya ya akili hutegemea mwenendo anaouona, maelezo ya jamaa na, zaidi ya yote, maneno ya mgonjwa mwenyewe. Kwa sababu hiyo lugha ina kazi mbili katika taaluma hii: ni chombo cha kutolea huduma, na papo hapo ni ushahidi ambao uamuzi wa kitabibu hujengwa juu yake.

Hospitali kongwe za magonjwa ya akili katika eneo letu, yaani Mathari ya Nairobi (1910), Mirembe ya Dodoma (1927) na Butabika ya Kampala (1955), ziliasisiwa chini ya utawala wa Waingereza. Kiingereza kilikuwa lugha ya utawala, ya mafunzo na ya kumbukumbu. Tangu hapo mengi yamebadilika. Tanzania ilitunga Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2008, Uganda ilitunga yake mwaka 2018, na Kenya iliifanyia marekebisho sheria yake mwaka 2022. Kuhusu lugha, Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wakakikubali kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya mwaka 2021, na Baraza la Mawaziri la Uganda likaridhia hatua kama hiyo mwaka 2022. Hata hivyo, mikondo hii miwili ya sera, wa afya ya akili na wa lugha, haijakutana katika darasa la uzamili la muuguzi. Makala haya yanaeleza kwa nini inapaswa kukutana hapo.

2. Njia mbili za kuufikia uuguzi wa afya ya akili

Maneno "mafunzo ya uzamili ya uuguzi wa afya ya akili" hayana maana moja duniani. Nchini Uingereza uuguzi umegawanywa katika nyanja nne: wa watu wazima, wa watoto, wa ulemavu wa kujifunza, na wa afya ya akili. Mtu mwenye shahada ya kwanza ya fani nyingine, kama vile saikolojia au sosholojia, anaweza kujiunga na programu ya uzamili ya takriban miaka miwili na kuhitimu akiwa muuguzi wa afya ya akili. Programu ya kawaida ya uuguzi huko haipungui saa 4,600, nusu yake nadharia na nusu vitendo, na aliyekwisha kusoma fani inayohusiana anaweza kupunguziwa hadi nusu ya saa hizo kwa kutambuliwa elimu na uzoefu wake wa awali.

Kwetu njia ni tofauti. Katika vyuo vikuu kama Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na Chuo Kikuu cha Nairobi, shahada ya uzamili ya uuguzi katika afya ya akili humchukua mtu ambaye tayari ni muuguzi aliyesajiliwa na kumpa ubingwa. Mwanafunzi husoma nadharia, hufanya mafunzo kwa vitendo wodini, kisha huandika tasinifu. Nguvu ya njia hii ni kwamba anayeingia darasani ameshauguza. Anajua dawa, anajua zamu ya usiku, anajua jamaa wa mgonjwa wanavyosubiri nje ya mlango wa wodi.

Tofauti hiyo ina athari ya kilugha ambayo haizungumzwi sana. Katika njia ya kwanza, mtu aliyesomea fani za jamii au za lugha anaweza kuingia na maarifa yake katika uuguzi. Katika njia yetu mlango huo haupo, kwa kuwa wote wanaoingia wametoka katika uuguzi uliofundishwa kwa Kiingereza. Maarifa kuhusu namna watu wanavyosimulia dhiki kwa Kiswahili hayawezi kuingia kupitia wanafunzi. Yasipowekwa katika mtaala, hayaingii kabisa.

3. Kinachofundishwa na kinachofanyika

Kiini cha stadi anazojifunza mwanafunzi ni tathmini ya hali ya akili. Humo huchunguzwa mwonekano na mwenendo wa mgonjwa, usemi wake, hali ya hisia, mtiririko na maudhui ya mawazo, mambo anayoyaona au kuyasikia yasiyokuwapo, uwezo wa kukumbuka na kujua mahali na wakati, na kama anatambua kuwa ni mgonjwa. Mwanafunzi hujifunza vipengele hivi, maswali yake na istilahi za kuandikia majibu kwa Kiingereza.

Anapofika wodini, analazimika kufanya tafsiri mara mbili. Kwanza hulitafsiri swali kutoka Kiingereza cha kitabu hadi Kiswahili cha mgonjwa. Kisha hulitafsiri jibu kutoka Kiswahili cha mgonjwa hadi Kiingereza cha faili. Tafsiri zote mbili hufanyika kichwani, kwa sekunde chache, bila kuandikwa na bila mtu wa kuzikagua. Daktari atakayelisoma faili kesho yake ataliona zao la mwisho tu. Hana njia ya kujua mgonjwa alisema nini.

4. Mahali ambapo maana hupotea

Mifano ifuatayo imetokana na uchanganuzi wa sarufi na matumizi ya Kiswahili. Mazungumzo yaliyomo ni ya kielelezo, na hayamhusu mgonjwa yeyote.

4.1 Salamu na malalamiko

Adabu ya Kiswahili hutaka salamu ijibiwe kwa heri kabla ya shari kutajwa. Mtu aliyefiwa jana huulizwa habari naye hujibu "nzuri", kisha ndipo huongeza "ila tumepata msiba". Mgonjwa anayeulizwa "Hujambo, mama? Unaendeleaje?" atajibu "Sijambo, namshukuru Mungu." Muuguzi akiliandika jibu hilo kuwa mgonjwa hana malalamiko, ameandika adabu mahali pa dalili. Habari yenyewe huja baadaye, mara nyingi baada ya kimya kifupi, au hudokezwa na neno dogo kama katika "sijambo kidogo". Mwanafunzi anapaswa kufundishwa kwamba salamu hufungua mahojiano tu, na kwamba kuiruka, au kuacha kumwamkia mzee "shikamoo" kwa sababu ya haraka, kunaweza kumfunga mgonjwa mdomo.

4.2 "Nina mawazo"

Katika Kiingereza cha tathmini, mawazo ni yale yote yapitayo akilini. Katika Kiswahili cha kila siku, kusema "nina mawazo" au "ana mawazo sana siku hizi" ni kutoa taarifa ya dhiki. Hivyo swali "Una mawazo gani?", ambalo muuguzi amelikusudia kuwa la jumla, mgonjwa anaweza kulisikia kama "Una shida gani?" Na mgonjwa anayesema "ni mawazo tu" anaweza kuandikwa kuwa hana tatizo mahususi, ilhali kwa lugha yake ameshalitaja tatizo lenyewe. Kwa upande mwingine, istilahi "sonona", ingawa ina udugu na kitenzi kinachojulikana cha kusononeka, kwa wagonjwa wengi ni neno la redioni na la mabango ya zahanati. Kuuliza "Una sonona?" ni kumwomba mgonjwa ajipime mwenyewe.

4.3 Kusikia

Kitenzi "kusikia" kina uwanja mpana. Twasikia sauti, lakini pia twasikia njaa, baridi, harufu na maumivu. Na katika sehemu nyingi mtu husemwa kuwa "anasikia" lugha fulani kwa maana ya kuielewa. Mgonjwa akisema "Usiku nasikia mtu nyuma yangu", sentensi hiyo inabeba uwezekano zaidi ya mmoja: anasikia nyayo au sauti, au ana hisia ya kuwapo kwa mtu, jambo linaloweza kumpata mtu mwenye hofu au aliyefiwa karibuni. Faili likiandikwa kwa Kiingereza kwamba mgonjwa husikia sauti, matibabu yanaweza kuelekezwa kwenye saikosisi. Swali moja la nyongeza linatosha kutenganisha maana hizo: "Unamsikia kwa masikio, akisema au akitembea, au unahisi tu kwamba yupo?" Swali hilo halimo katika kitabu cha Kiingereza kwa kuwa Kiingereza hakilihitaji.

4.4 Swali kanushi

Hili ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote. Katika Kiswahili, "ndiyo" huafiki kauli iliyoulizwa kama ilivyo, iwe yakinishi au kanushi. Akiulizwa "Hujala?", ambaye hajala hujibu "Ndiyo, sijala." Kiingereza hufanya kinyume. Wauguzi wengi, kwa huruma na kwa haya, huliuliza swali la kujiua kwa ukanushi: "Hufikirii kujidhuru, sivyo?" Mgonjwa akijibu "Ndiyo", anaweza kuwa na maana kwamba hafikirii. Lakini mgonjwa aliyezoea Kiingereza cha shule anaweza kulitumia neno hilohilo kwa maana kwamba anafikiria. Fomu iliyo mbele ya muuguzi ina visanduku viwili tu, cha ndiyo na cha hapana. Kosa la upande mmoja humpeleka mtu asiye hatarini chini ya ulinzi wa saa zote. Kosa la upande wa pili humruhusu aliye hatarini arudi nyumbani. Kinga yake ni nyepesi: swali liulizwe kwa yakinishi, na mgonjwa aombwe kujibu kwa kitenzi kamili, "nafikiria" au "sifikirii". Vilevile, kumwuliza mtu waziwazi kuhusu kujiua hakumtii wazo hilo kichwani, hivyo hakuna sababu ya kulizungusha swali.

4.5 Nusu ya siku

Dodoso la PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001 na linalotumika pia kwa Kiswahili, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila jibu hupewa alama kati ya 0 na 3, na jumla ya 10 hutumiwa mara nyingi kuwa mpaka wa kumfuatilia mtu zaidi. Jibu la alama 2 humaanisha kwamba dalili ilikuwapo katika zaidi ya nusu ya idadi ya siku hizo. Muuguzi anayelitafsiri papo hapo husema "zaidi ya nusu ya siku". Lakini nomino "siku" imo katika ngeli ambayo umoja na wingi vina umbo moja, hivyo kauli hiyo husikika pia kama "zaidi ya saa sita za mchana".

Tuchukue mama aliyepatwa na dalili tano katika siku tisa kati ya 14, kila mara alfajiri, kwa saa mbili au tatu. Jibu lake sahihi ni alama 2 kwa kila dalili, jumla 10. Akielewa kwamba anaulizwa kuhusu urefu wa siku, atachagua "siku kadhaa", yaani alama 1, na jumla itakuwa 5. Amevuka mpaka kuelekea upande wa wasiohitaji kufuatiliwa, na kilichomvusha ni ngeli ya nomino. Kuongeza neno moja, "zaidi ya nusu ya siku hizo", au kusema "siku nane au zaidi", huondoa utata wote.

4.6 Siku ya pili

Kiswahili cha eneo letu hakifanani kila mahali. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali nchini Uganda, na kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, yana wazungumzaji wengi wa Kiswahili cha Kongo. Katika sehemu nyingi za Kongo juma huhesabiwa kuanzia Jumatatu, ambayo huitwa siku ya kwanza. Jumanne ni siku ya pili, Jumamosi ni siku ya posho, na Jumapili ni siku ya yenga. Muuguzi aliyesoma Dar es Salaam au Nairobi akimwuliza mkimbizi "Leo ni siku gani?", na akajibiwa "siku ya pili", anaweza kuandika kwamba mgonjwa hajui wakati. Kumbe mgonjwa amejibu sawasawa. Kadhalika, upatanisho wa aina ya "kichwa inaniuma" ni sarufi ya kawaida ya lahaja yake, na haupaswi kuhesabiwa kuwa usemi uliovurugika.

5. Funzo kutoka Zimbabwe

Je, inawezekana kuanza na maneno ya wagonjwa badala ya kuanza na istilahi za Kiingereza? Zimbabwe imeonyesha kuwa inawezekana. Katika miaka ya 1990, Vikram Patel na wenzake walikusanya maneno ambayo wazungumzaji wa Kishona huyatumia kuelezea dhiki, wakaunda dodoso la maswali 14 linaloitwa Shona Symptom Questionnaire. Miongoni mwa maneno yaliyojitokeza ni "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi, ambalo mzungumzaji wa Kiswahili atalitambua mara moja kuwa ni ndugu wa "mawazo mengi". Baadaye daktari Dixon Chibanda alianzisha huduma ya Friendship Bench, ambamo wanawake wazee waliofundishwa huwasikiliza wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati kwa lugha hiyohiyo. Matokeo ya jaribio la huduma hiyo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba waliohudumiwa walipungukiwa na dalili kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Neno "kufungisisa" lenyewe liliingizwa katika faharasa ya mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, wa mwaka 2013.

Jambo la kuzingatia ni mpangilio wa kazi: maneno yalikusanywa kwanza, dodoso likafuata, na mafunzo yakajengwa juu yake. Kwetu, kwa kiasi kikubwa, mpangilio umekuwa kinyume.

6. Hoja pinzani

Hoja ya kwanza ni kwamba wauguzi hawa ni Waswahili kwa lugha, hivyo hawahitaji kufundishwa Kiswahili. Mifano iliyotangulia inaonyesha kwamba tatizo si uhaba wa msamiati. Kuzungumza lugha na kuifanya kuwa chombo cha uchunguzi ni mambo mawili. Ndiyo maana hata wanafunzi wazawa wa Kiingereza hufundishwa kuhoji kwa Kiingereza.

Hoja ya pili ni kwamba vitabu na ajira za nje ni vya Kiingereza. Ni kweli, na makala haya hayapendekezi Kiingereza kiondolewe. Yanapendekeza sehemu moja ya mafunzo, ile ya kuzungumza na mgonjwa, ifanyike kwa lugha ambayo mazungumzo hayo yatafanyika.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi: si kila mgonjwa wa Afrika Mashariki anajua Kiswahili. Kwa mzungumzaji wa Kiganda, Kinyarwanda au Kisukuma asiyekijua vizuri, Kiswahili kinaweza kuwa ukuta mwingine. Jibu ni kwamba stadi inayopendekezwa hapa, yaani kuyatambua maneno ya mgonjwa, kuyahifadhi na kuyahoji kabla ya kuyafasiri, huhamishika. Muuguzi aliyejifunza kukitilia shaka "kusikia" atajua kumwuliza mkalimani wa lugha nyingine swali kama hilo.

7. Mapendekezo

Kwa vyuo vikuu: mahojiano ya kitabibu kwa Kiswahili yawe sehemu ya kozi ya lazima, yafundishwe kwa pamoja na mwalimu wa uuguzi na mtaalamu wa isimu. Mtihani wa vitendo ujumuishe angalau mahojiano mamoja kamili kwa Kiswahili, yanayotathminiwa kwa usahihi wa kilichosikika na kilichoandikwa.

Kwa hospitali: fomu ya tathmini iwe na nafasi ya maneno ya mgonjwa kama alivyoyatamka, ndani ya alama za nukuu, na tafsiri ifuate chini yake. Hatua hii haigharimu chochote zaidi ya mistari michache ya karatasi, na humwezesha msomaji wa baadaye kukagua uamuzi uliofanywa.

Kwa mabaraza ya wauguzi na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki: iandaliwe faharasa ya pamoja ya maneno ya dhiki, inayoonyesha lahaja za mipakani, ikianza na usemi wa wagonjwa. Faharasa hiyo ioneshe pia maneno yanayoumiza. Maneno kama "kichaa" na "taahira" hutumika kama matusi mitaani, na mtu akishaitwa hivyo hadharani anaweza kusita kurudi kliniki.

Kwa watafiti wa lugha: tutoke maktabani. Istilahi za afya ya akili zinazotungwa bila kuketi wodini zitabaki katika kamusi.

8. Hitimisho

Wauguzi ndio kundi kubwa zaidi la wahudumu wa afya ya akili duniani, na katika wilaya nyingi za eneo letu muuguzi ndiye mtaalamu pekee ambaye mgonjwa atakutana naye. Anachokiandika muuguzi huyo katika faili ndicho kitakachoamua dawa, kulazwa au kuruhusiwa kurudi nyumbani. Sera zimekwisha kukitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Hatua inayofuata ni ndogo na ya kivitendo: kuhakikisha kwamba muuguzi bingwa anapohitimu, amewahi kufundishwa na kutahiniwa namna ya kumwuliza mgonjwa, kwa lugha ya mgonjwa, kama anafikiria kujiua, na kulielewa jibu lake.